Ukungu Usiotoka kwa Stilwaya

Kuna watu Dodoma mpaka leo wakimtaja yule mama wanaanza na uchafu. Aa, yule wa maabara, yule wa vioo vichafu? Nikisikia hivyo damu inanichemka. Nimefanya naye kazi chumba kimoja miaka saba, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijaona binadamu msafi kuliko yeye. Mlangoni kwake uliacha viatu, uwe mwanafunzi, uwe mwalimu, uwe mkaguzi kutoka mkoani mwenye soksi zilizotoboka. Sakafu yake ilisuguliwa kila asubuhi kabla ya kengele, na aliisugua mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Basi tuanzie hapo, na anayebisha abishe.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sitasema. Hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza alijibiwa, "Unataka kunioa?" Shule nzima tulimwita Mama Maabara, hata walimu waliomzidi umri. Ilikuwa sekondari ya wasichana, pale mjini, na maabara yake ndilo lilikuwa jengo la mbele kabisa, linalotazama barabara. Kwenye karatasi za ofisi cheo chake kiliandikwa "msaidizi wa maabara", na kila karatasi iliyopita mikononi mwake alilikata neno "msaidizi" kwa kalamu nyekundu. "Namsaidia nani?" aliuliza. "Nionyesheni huyo ninayemsaidia, nimwamkie."

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia, binti wa Kondoa, nimetoka chuoni juzi na vyeti vyangu na mtandio uliopigwa pasi. Siku ya kwanza nilimkuta ameinama mezani. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba huku ananitazama mikono, si uso. Mezani kulikuwa na kipande cha kioo cha ukubwa wa daftari, kimepauka kama kilichopuliziwa pumzi asubuhi ya baridi. Nikaona nianze kazi kwa wema. Nikakiokota, nikaanza kukipangusa kwa ncha ya mtandio. Alinichapa rula ya mbao kwenye vidole, paa! Mimi, mwalimu mzima!

"Kidole chako kina mafuta ya chapati," akasema. "Nimetoka kukipima, sasa itabidi nikioshe upya. Na huo ukungu unaoufuta hautoki, mwanangu, unajisumbua bure."

Nilikwenda kulalamika kwa mkuu wa shule. Mkuu akacheka, akaniambia kila mwalimu wa sayansi aliyewahi kupangiwa pale alianza kwa rula. Nikarudi nimenuna. Mama akaniwekea bakuli la karanga, akavuta stuli, akanionyesha kile kioo ni kitu gani. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na katika miaka saba sikumsikia akiomba radhi kwa namna nyingine.

Kioo hakipitishi umeme, hilo kila msichana wa kidato cha kwanza analijua. Cha kwake kilipitisha. Alichukua betri mbili za tochi, waya, na kitaa chekundu alichong'oa kwenye redio mbovu, akagusisha nyaya mbili juu ya kile kioo kilichopauka, shubiri moja kati yake, na kitaa kikawaka. Nilichungulia chini ya meza nikitafuta waya uliofichwa. Akasema, "Tafuta vizuri, na ukiupata uniite."

Siri ilikuwa ngozi. Juu ya kioo kulikuwa na ngozi ya bati lililochomwa likaungana na hewa, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, mwanga unapita na umeme unapita. Sola zile za bei nafuu zilizoanza kuingia sokoni wakati huo, zile za rangi moja ya kahawia iliyokolea, zina ngozi hiyo nyuma ya kioo chake cha mbele, nayo ndiyo inayokusanya umeme. Mimi nilisoma habari hizo chuoni, nikajibu mtihani, nikafaulu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitengeneza Dodoma, kwenye jiko la mkaa.

Lakini kwa nini iwe na ukungu? Nilimuuliza. Mtu akipaka kitu kwenye kioo si anataka king'ae, mwanga upite vizuri?

"Kwenu Kondoa mnafuga?" akaniuliza.

"Tunafuga, mama."

"Shamba lenu likishavunwa, mkapitisha ng'ombe wanyooke moja kwa moja mpaka ng'ambo, wataacha samadi kiasi gani?"

"Kidogo."

"Na wakizurura mshazari, huku na huku?"

Nikaelewa, nikaona aibu kwamba nimeelewa kwa ng'ombe na sikuelewa kwa profesa. Lile tabaka la sola linalokula mwanga ni shamba jembamba mno. Mwanga ukinyooka unatokea ng'ambo haujaacha kitu. Lakini ngozi ya bati ikiwa na vichuguu vidogo vidogo, vidogo hata jicho halivioni, mwanga unapindishwa, unakwenda mshazari, unazurura ndani, na unaacha ulichokuja nacho. Ukungu ule ndio vichuguu. Kioo king'aavu kizuri kujitazamia, alisema, na yeye hakuwa na haja ya kujitazama.

Sasa niseme kilichokuwa kinatusumbua, maana bila hicho mtu atadhani namsifia mama mmoja aliyecheza na vioo. Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa redio, pasi, saa za ukutani, nyaya, betri. Kila kitu ruksa, na shule nazo zikaambiwa zijitafutie. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya, nakubali, ila alikuwa mtu wa vikao, na kwenye kikao kimoja mtu alimnong'oneza kwamba jengo letu la mbele linatazama barabara na lingefaa sana kuwa duka. Aliyelitaka ni mfanyabiashara mmoja tuliyemwita Bwana Vifaa, mwenye duka dogo karibu na soko na hamu kubwa. Alikuwa analeta redio na sola kutoka Dubai. Alikuja mara tatu kupima madirisha kwa hatua za miguu yake.

Maabara ikienda, wasichana wangefanya ule mtihani wa fizikia wa kuandika tu, unaoulizwa ungefanyaje jaribio ambalo hujalifanya. Mama Maabara aliuita fizikia ya kusimuliwa. "Ni kama kumfundisha mtu kupika kwa redio," alisema. Kwa hiyo vile vioo havikuwa mchezo. Alikuwa ameamua kwamba siku bodi ya shule itakapokuja kulitazama jengo, wakute chumba kinachotoa kitu, kitu ambacho Bwana Vifaa anakitoa ng'ambo.

Basi kilitokaje? Kwanza aliosha. Kioo kilichemshwa kwenye maji ya sabuni, kikasuuzwa kwa maji aliyoyavukiza mwenyewe, kikaanikwa kimesimama. Kikiwa na alama ya kidole, kilirudi sufuriani. Kisha jiko: bati nene la chuma juu ya mkaa, kioo juu ya chuma, kinapashwa polepole mpaka kijiti cha kiberiti kikigusishwa juu yake kinashika moto chenyewe. Kisha kupuliza chumvi ya bati iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Bomba lake lilikuwa dogo, la kupulizia dawa mizabibu, alilopewa na vibarua wa Makutupora baada ya kuwazibia tundu la ndoo yao. Mpulizo mmoja mfupi, halafu anasubiri kioo kirudishe joto lake, anahesabu kwa Kigogo chini kwa chini, halafu mpulizo mwingine. Ukipuliza kwa pupa kioo kinapasuka. Ukipuliza kwa woga ngozi inakuwa laini, haina vichuguu, inang'aa. Akipata kilichong'aa alikiweka kando na kusema, "Hiki kampe mchumba wako ajinyolee."

Tulifanyia kazi hiyo nje, nyuma ya jengo, upande upepo unakotoka, kitambaa kibichi puani, maana moshi wake ulichoma koo. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ukigeuka ghafla tulikimbia na mitandio yetu kama kuku, yeye mbele na unene wake wote, anacheka.

Spiriti ya kuyeyushia ile chumvi ya bati ilipoisha, wilayani wakatuambia tusubiri. Mama Maabara kusubiri hakukujua. Akaenda Makutupora kwa lori la zabibu, akarudi na dumu la mvinyo uliochacha, akaufungia mitungi ya kioo ya maabara na kuanza kuuvukiza. Sasa huyu alikuwa mwanakwaya. Alikuwa mtu ambaye harusini akiona chupa mezani anageuza kiti. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Mama Maabara anapika gongo shuleni, tena la zabibu, na jioni yake mzee wa kanisa akafika amevaa koti.

"Mama, nimesikia harufu mpaka kwangu," akasema yule mzee mlangoni.

"Vua viatu, baba."

Akavua. Mama akamketisha mbele ya mtungi, akamweleza kwa utulivu kila tone linakotoka na linakokwenda, robo saa nzima, kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akaiwasha, ikaungua kwa mwali wa buluu. Mzee akauliza kama kweli hakuna anayeonja. "Aonje nani, mimi?" akang'aka. "Nimeacha raha zote za dunia hii, nije kuharibikia kwenye dawa ya kioo?" Yule mzee aliondoka na kiatu chake kimoja na kingine cha mwalimu wa jiografia, kwa kuchanganyikiwa, na stori hiyo ndiyo iliyokaa mjini kuliko ile ya gongo.

Chumvi ya bati nayo ikaisha. Hapo nilijiona nina faida. Mjomba wangu Kondoa alikuwa fundi wa kutia bati sufuria za shaba, zile kubwa za shughuli. Nikaenda likizo, nikarudi na kipande cha bati safi, cha kuyeyushwa kwa asidi kiwe chumvi, kimefungwa kwenye leso, nikamwekea mezani. Alikishika muda mrefu, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza. Halafu akaniambia, "Leo wewe ni mwalimu." Nilikuwa nimeajiriwa mwaka mzima na nusu.

Hakuwa malaika, na nikimfanya malaika atafufuka anichape. Alikuwa na roho ngumu ambayo wakati mwingine ilimponza. Siku moja alipita mtafiti kutoka chuo kimoja cha pwani, kijana mpole mwenye miwani, akaviona vioo. Alivipima kwa kifaa chake mwenyewe, akapima tena, akakaa chini. Akasema vile vioo havina kasoro yoyote, na akaomba achukue vichache, vipelekwe mahali penye mitambo ya kuvipaka tabaka la sola lenyewe, ili iwe sola kamili. Mimi nilitaka kupiga vigelegele.

Mama akauliza, "Jina langu litaandikwa wapi?"

Kijana akasema litakuwa mwishoni, kwenye shukrani.

"Shukrani wanapewa waliobeba mizigo," akasema Mama. "Mimi nimetengeneza."

Kijana akajaribu kueleza taratibu. Mama akamfungulia mlango na kumwonyesha viatu vyake vilipo. Tuligombana siku hiyo, mimi na yeye, mpaka wasichana wakaacha kupita dirishani. Nilimwambia amejifungia mlango kwa kiburi. Akaniambia, "Wewe wamewahi kukuita msaidizi? Hujui." Mpaka leo sijaamua nani alikuwa na haki. Nikiamka vibaya naona alikosea sana. Nikiamka vizuri naona kijana alishindwa kusogeza jina moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, na ni kazi ya dakika moja.

Basi vikabaki vioo kumi na viwili, vilivyo bora kuliko vyote, vimepangwa kwenye kitambaa cheupe kusubiri bodi.

Mnajua mgeni akija shuleni inakuwaje. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni, nyasi zinafyekwa, na kila kinachosugulika kinasuguliwa. Mkuu wetu kwa usafi wa wageni hakuwa na mchezo. Asubuhi ya kikao alipita maabara wakati Mama ameenda kuchota maji, akaona vioo kumi na viwili vimepauka kwenye kitambaa kisafi, akapandwa na mori. Akawaita wasichana wanne wa zamu, akawaambia vioo hivyo ving'ae kabla bodi haijafika. Wasichana wa watu, waliolelewa kutii, wakachukua mchanga, majivu na stilwaya za jikoni, wakasugua. Walisugua saa nzima. Walipoona havitakati wakaongeza mchanga.

Mimi nilifika wa kwanza. Niliona ndoo za mchanga, nikaona mikono ya wasichana imekuwa myekundu. Miezi ya kazi! Nikaanza kuwafokea, na mmoja akaanza kulia, "Mwalimu tumesugua, havitaki, tutaadhibiwa." Mama akaingia na ndoo kichwani. Akaitua. Akatazama mchanga, akatazama stilwaya, akavua viatu kwanza, jamani, siku kama ile akavua viatu kwanza. Nikangoja apige kelele.

Hakupiga. Alisuuza kioo kimoja, akakikausha, akatoa mkobani kile kipimo chake cha umeme alichokifunga kwenye kipande cha khanga, akagusisha ncha mbili. Akasoma. Akachukua kingine. Kufika cha tano mabega yalikuwa yanamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Ile ngozi ya bati ikishaungua juu ya kioo ni ngumu ajabu, mchanga wa jikoni unaitelezea tu. Ukungu ulikuwa palepale, na umeme ulikuwa palepale.

"Nani kawaambia msugue?" akawauliza wale wasichana.

"Mkuu, mama."

"Mkampe asante. Na hizo stilwaya niachieni moja."

Bodi ikaja watu saba, na Bwana Vifaa nyuma yao amevaa suti, kaalikwa kulitazama jengo. Wote wakavua viatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu wa serikali, mfugaji, mtu wa maneno machache. Mkuu aliviona vioo bado vimepauka, akakunja uso, na Bwana Vifaa akaona ametengenezewa njia. Akasema kwa sauti ya kila mtu, "Mama, kama hata vioo vinawashinda kusafisha, chumba hiki mtakiweza kweli?"

Mama akamkabidhi kioo na stilwaya. "Nisaidie, baba. Mimi ni msaidizi tu hapa, pengine sina nguvu."

Huyo mtu alisugua! Mwanzoni kwa tabasamu, baadaye akavua koti. Alisugua mpaka jasho likadondokea kioo. Wajumbe walianza kucheka kwa adabu, kisha wakacheka bila adabu. Mama akakipokea kioo, akakipangusa jasho, akagusisha betri zake na kitaa chekundu. Kikawaka.

"Hii ndiyo sura ya mbele ya sola anazouza bwana huyu," akasema. "Zake zinatoka Dubai. Hii imetoka hapo nyuma ya jengo, kwenye mkaa, na wasichana wenu wanajua kwa nini inawaka. Mkilitoa hili jengo, watakuwa wateja wake. Basi. Wateja tu."

Akamweleza mwenyekiti habari ya ng'ombe na samadi. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hilo naliona." Akakigeuza kioo mkononi. Kisha akasema maabara ibaki mpaka kikao kijacho.

Mpaka kikao kijacho! Mimi nilivunjika moyo, nikaona tumepewa soda badala ya chakula. Yeye aliandika maneno hayo ubaoni kwa chaki, kwenye kona ya juu, na akayazungushia mstari yasifutwe. Kikao kijacho kilikuja, na kijacho chake, na kila bodi ilipokuja ilikuta stilwaya mpya mezani na kitaa chekundu. Miaka mitano maabara yetu iliishi kwa maneno matatu yaliyoandikwa na chaki. Nilihesabu wasichana waliofanya majaribio kwa mikono yao katika miaka hiyo, nikaacha kuhesabu, walikuwa wengi.

Halafu umri wake wa kustaafu ukafika. Alijua kitakachofuata, na mimi nilijua. Wiki ya mwisho aliomba ruhusa ya kutengeneza dirisha la mbele la maabara, lile la fremu ya chuma yenye miraba kumi na miwili midogo, ambayo vioo vyake vingi vilikuwa vimepasuka. Mkuu akafurahi kwamba mama anaondoka kwa wema. Mama akavipachika vile vioo vyake kumi na viwili, kimoja kimoja, akavizungushia lami ya vioo iliyokauka ikawa mawe. Akaosha mikono, akakabidhi funguo, akapanda basi la Mpwapwa.

Nilikuwa nimemshikia ngazi, na nilimuuliza kama kuna kitu chochote kinachoutoa ule ukungu. Nilikuwa najua. Alinifundisha mwenyewe, tulipotaka kuchora mstari usio na umeme katikati ya kioo: unakwangua zinki kwenye maganda ya betri zilizokufa, unatengeneza unga, unaupaka, unadondosha asidi kidogo, na kabla hujamaliza kuhesabu mia moja ngozi imeondoka, kimebaki kioo kitupu. Nilitaka tu kumsikia anasemaje. "Kipo," akasema kutoka juu ya ngazi. "Tunakijua watu wawili, na mmoja anahama."

Mwezi haukuisha, Bwana Vifaa akaingia. Meza zikatolewa, mabomba yakazibwa, na wasichana wangu wakaanza fizikia ya kusimuliwa. Nililia, sioni haya kusema. Nililia chooni, nikanawa, nikaingia darasani kuchora ubaoni betri ambayo hawataishika. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka mingi baadaye, bodaboda zimeshajaa mjini. Nilikuwa natoka benki, nikaona mama mnene amekaa kwenye benchi la muuza soda, ng'ambo ya barabara, anatazama duka la Bwana Vifaa kama mtu anayetazama mpira. Fimbo kaiegemeza gotini.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Onyesha mikono." Akaitazama. "Kaa. Wanaanza sasa hivi."

Alikuja Dodoma kila baada ya miezi kadhaa kufuatilia mafao yake, na kila akija alikaa benchi lile kabla ya basi la kurudi. Kifua kilikuwa kinambana, aliongea kwa vipande. Nikamwambia ni ule moshi. Akasema ni uzee, na kama ni moshi basi ni wake, hakuazima kwa mtu. Mbele yetu msichana wa dukani alitoka na ndoo, akapanda stuli, akaanza kusugua dirisha. Alisugua mraba wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, akarudi wa kwanza. Nyuma ya ukungu bidhaa zote zilionekana kama vivuli. Miaka yote ile mtu apitaye barabarani hakuweza kujua kama mle ndani wanauza redio au majeneza. Kuvivunja mwenye duka alikatazwa na mkataba wa jengo la shule, na kuvibandua kulimshinda fundi wa kwanza na wa pili.

Bwana Vifaa mwenyewe akatoka kusimamia, kazeeka naye, mvi tupu. Akatuona. Nilidhani atarudi ndani. Akavuka barabara polepole, akasimama mbele ya Mama, akaamkia kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Biashara?"

"Biashara ipo." Akajikuna kichwa. Akamwagizia soda, akamfungulia mwenyewe, akamwekea mkononi. "Mama, mimi nimekubali. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, nimeleta mtu kutoka Dar na dawa yake. Hebu niambie kwa mapenzi ya Mungu. Ule ukungu unatoka na nini?"

Nilijua jibu, na Mama alijua kwamba najua, maana alinikandamiza mguu kwa fimbo yake.

"Dawa yake ipo," akasema Mama. "Rahisi sana, haichukui hata dakika mbili."

"Alhamdulillahi. Nipe basi, mama."

"Lakini hiyo dawa," akasema, akanywa kwanza, "inachanganywa maabara."

Bwana Vifaa akageuka kutazama dirisha lake, na yule msichana juu ya stuli, na lile jengo. Alipogeuka tena alisimama tu mikono mitupu. Mama hakuwa na haraka naye. Akamaliza soda yake mpaka tone la mwisho, akampa chupa, akachukua fimbo, akaniambia nimsindikize stendi.